Gazeti la Zamani la Muziki, na Askofu wa Masasi Aliyenunua Tarumbeta



Mpe mzee wa kijijini gazeti lenye picha ya kijana wa Ulaya mwenye nywele ndefu na gitaa begani. Kabla hajasoma hata mstari mmoja atalirudisha na kusema, "Hayo ni mambo ya wahuni." Wala tusimlaumu upesi. Mzee huyo ana watoto na wajukuu, naye ameona jinsi vijana wengine walivyokwenda mjini kufuata ngoma za kigeni, wasirudi na kitu ila makovu.

Lakini wahenga walisema kwamba mkakasi ni mzuri kwa nje, ndani ni kipande cha mti. Basi na kinyume chake huweza kuwa kweli: kitu kikawa kibaya kwa nje, ndani mkawa na jambo la kufaa. Leo twataka kufungua pamoja nawe gazeti moja la vijana, lililopigwa chapa mbali sana na kwetu, miaka mingi iliyopita. Tutafuata habari moja iliyomo ndani yake, na mwisho wa njia tutajikuta hapa hapa Masasi, jirani kabisa na Chidya. Na huko mwisho wa njia liko swali la kila baba na kila mama aliye na kijana nyumbani.

GAZETI LENYEWE

Gazeti hilo laitwa Rolling Stone. Toleo lake la kwanza lilitoka mjini San Francisco, katika nchi ya Marekani, tarehe 9 Novemba 1967. Aliyelianzisha ni kijana wa miaka 21, jina lake Jann Wenner. Lakini hakuwa peke yake. Alishirikiana na mtu mzima wa miaka 50, Ralph Gleason, aliyekuwa mwandishi mashuhuri wa habari za muziki wa jazi. Fedha za kuanzia, dola 7,500, zilikuwa za kukopa kwa jamaa. Ofisi yao ilikuwa chumba cha juu katika nyumba ya wapiga chapa.

Ukilitazama toleo hilo, hutaona karatasi ya kung'aa. Karatasi yake ni ile ile ya magazeti ya kila siku, ambayo kwetu sokoni hufungiwa karanga na bagia. Bei yake ilikuwa senti 25 za dola. Katika ukurasa wa kwanza iko picha ya John Lennon, mwimbaji wa kundi la The Beatles la Uingereza, amevaa kofia ya chuma ya askari na miwani ya duara, kama alivyoonekana katika sinema moja aliyocheza. Nakala 40,000 zilipigwa chapa, na nyingi sana zilirudi bila kununuliwa. Mtu angesema, "Kazi hii imekufa siku iliyozaliwa." Lakini haikufa. Na leo ile karatasi ya kufungia karanga yatafutwa na watu kama mali, nao huilipia fedha nyingi.

Sasa, ndani yake mna nini? Mtu atadhani mna sifa za waimbaji na picha za nguo zao tu. Kumbe habari kubwa ya toleo lile ilikuwa habari ya fedha. Mwandishi Michael Lydon aliuliza swali ambalo mjumbe yeyote wa halmashauri ya parokia analijua vizuri: fedha zilizokusanywa ziko wapi?

Yeye aliuliza juu ya tamasha la Monterey. Tarehe 16 hadi 18 Juni 1967, katika mji mdogo wa Monterey huko California, wanamuziki wengi walikusanyika kwa siku tatu. Karibu wote walipiga bure, bila mshahara, kwa sababu waliambiwa kwamba mapato yatatumika kwa kazi za kusaidia watu. Miezi mitano baadaye gazeti la vijana likasimama na kudai hesabu. Halikuona haya kuwauliza watu ambao wasomaji wake waliwapenda. Jambo hilo peke yake latosha kumfanya yule mzee alishike gazeti tena na kuvaa miwani yake.

WALIOPIGA MONTEREY

Tuwatazame sasa baadhi ya watu waliopanda jukwaani katika tamasha hilo.

Alikuwako Ravi Shankar kutoka India, mpiga sitari. Alikuwako Otis Redding, Mmarekani mweusi, mwimbaji wa muziki uitwao "soul". Alikuwako Janis Joplin, binti wa Texas mwenye sauti kali. Alikuwako Jimi Hendrix, ambaye alipomaliza kupiga gitaa lake alilitia moto mbele ya watu wote. Naam, alilichoma! Kama wewe ni fundi wa kuchonga magitaa ya mbao, habari hiyo yatosha kukuumiza moyo.

Na siku ya Jumamosi, tarehe 17 Juni, alipanda Mwafrika mmoja mwenye tarumbeta. Jina lake Hugh Masekela, mwana wa Afrika ya Kusini, aliyekuwa na miaka 28. Mwaka huo huo tarumbeta yake ilisikika pia katika wimbo wa kundi la roki liitwalo The Byrds. Mwaka uliofuata, Julai 1968, santuri yake mwenyewe, "Grazing in the Grass", ilikuwa ya kwanza kwa kununuliwa katika Marekani nzima.

Mtu huyu aliipata wapi tarumbeta? Hapo ndipo njia yetu inapogeuka na kuelekea huku kusini.

KIJANA MKOROFI NA PADRE ALIYEULIZA

Hugh Masekela alizaliwa tarehe 4 Aprili 1939 karibu na Witbank, mji wa machimbo ya makaa ya mawe. Alipokuwa mdogo alilelewa na bibi yake, ambaye alikuwa akiwauzia wachimbaji pombe nyumbani kwake. Basi mtoto akakua kati ya nyimbo za gramafoni na makelele ya walevi. Wewe msomaji waweza kusema: hapo mtoto gani atakua mwema?

Alipofika umri wa shule ya sekondari alipelekwa St. Peter's, shule ya bweni iliyokuwa Rosettenville, Johannesburg. Shule hiyo iliendeshwa na watawa wa Kianglikana wa Shirika la Ufufuko. Huko kijana alikuwa mtundu, akiingia matatani mara kwa mara. Na alikuwa ameona sinema moja ya Kimarekani yenye habari za mpiga tarumbeta, akaondoka na tarumbeta ile kichwani mwake.

Msimamizi wa shule alikuwa padre Mwingereza aliyeitwa Trevor Huddleston. Alikuwa ameishi Afrika ya Kusini tangu mwaka 1943, akiwatetea watu weusi wa mtaa wa Sophiatown waliofukuzwa katika nyumba zao kwa sheria za ubaguzi. Padre huyu alikuwa na mzigo mkubwa wa kazi. Angeweza kumchapa kijana viboko akamaliza shauri. Angeweza kumfukuza. Yeye alimwuliza: je, wewe unataka kufanya nini hasa katika maisha yako? Kijana wa miaka 14 akajibu kwamba akipata tarumbeta hatamsumbua mtu tena.

Padre akatafuta fedha, pauni 15, tarumbeta ikanunuliwa katika duka la vyombo vya muziki mjini Johannesburg. Lakini, msomaji, usipite hapa haraka, maana jambo kubwa ndilo linalofuata. Hakumtupia kijana chombo na kumwacha. Alimtafutia mwalimu, mzee aliyejulikana kama Mjomba Sauda, kiongozi wa bendi ya tarumbeta ya manispaa, akamfundisha kupumua, kushika chombo, na kusoma noti. Vijana wengine waliposikia, nao wakaja kuomba vyombo. Mmoja wao alikuwa Jonas Gwangwa, aliyepewa tromboni. Ikaundwa bendi ya shule, ikaitwa kwa jina la padre: Huddleston Jazz Band.

Mwaka 1956 Padre Huddleston aliitwa na wakubwa wake arudi Uingereza. Alipopita Marekani alikutana na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta aliyejulikana duniani kote, akamweleza habari za vijana wake wa Johannesburg. Armstrong akatoa tarumbeta yake mwenyewe, ikapelekwa kwa Hugh Masekela. Hebu fikiri, msomaji. Mtoto aliyelelewa kwenye nyumba ya pombe, na sasa mikononi mwake imo tarumbeta ya Louis Armstrong. Yote yalianza na swali moja la mkubwa kwa mdogo.

MASASI, MWAKA 1960

Mwaka 1960 mambo mawili yalitokea.

La kwanza, tarehe 21 Machi, polisi wa Afrika ya Kusini waliwapiga risasi watu waliokusanyika Sharpeville kupinga sheria za pasi, wakafa watu 69. Vijana wengi wakaikimbia nchi. Masekela alikuwa mmoja wao. Huddleston na rafiki zake walimsaidia kupata nafasi ya kusoma muziki London, na baadaye akaenda New York.

La pili, mwaka ule ule Trevor Huddleston aliwekwa kuwa Askofu wa Masasi wa ndugu zetu Waanglikana, mahali ambapo misheni yao ilianzishwa mwaka 1876. Alikaa huku mpaka mwaka 1968. Aliuona Uhuru wa Tanganyika mwaka 1961. Wakatoliki wa Ndanda, Lukuledi na Nyangao walikuwa majirani zake, na shule ya Chidya, iliyojengwa na misheni ya Waanglikana, ilikuwa ndani ya dayosisi yake. Wazee wa Masasi na Newala waliomwona kwa macho yao hawajaisha wote. Ukimpata mmoja, mwulize.

Basi uunganishe sasa nyuzi hizi mbili. Mwezi Juni 1967, Hugh Masekela alipokuwa akipuliza tarumbeta jukwaani Monterey mbele ya maelfu ya vijana wa Marekani, na mwezi Novemba 1967, gazeti lile la karatasi hafifu lilipouliza fedha za tamasha zimekwenda wapi, yule mtu aliyeweka tarumbeta ya kwanza mkononi mwa Masekela alikuwa huku kwetu, Askofu wa Masasi, kwenye barabara zetu za vumbi na mikorosho.

Kumbe gazeti la "wahuni" wa San Francisco na kilima cha Mtandi ni majirani kuliko tulivyodhani.

HOFU YA WAZEE

Sasa tuwe wakweli. Wazee hawaogopi bure.

Otis Redding alikufa katika ajali ya ndege tarehe 10 Desemba 1967, mwezi mmoja tu baada ya toleo lile la kwanza, akiwa na miaka 26. Ajali ni ajali. Lakini Jimi Hendrix alikufa Septemba 1970, na Janis Joplin Oktoba 1970, kila mmoja ana miaka 27, na vifo vyote viwili vilitokana na vilevi na dawa. Sifa waliipata, fedha waliipata, na mikono ya kuwashika haikutosha. Ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka.

Masekela naye hakupona kabisa na hatari hiyo. Mwenyewe alisimulia waziwazi katika kitabu cha maisha yake, mwaka 2004, jinsi pombe na dawa za kulevya zilivyomtawala kwa miaka mingi. Mwaka 1997 alikubali kwenda kutibiwa Uingereza, akaacha, na baada ya hapo akafanya kazi ya kuwasaidia wasanii wenzake walionaswa kama yeye. Basi tusiseme kwamba chombo cha muziki ni hirizi ya kumkinga mtoto. Sivyo.

Huku kwetu pia hofu ilikuwako. Mwanzoni mwa mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza kampeni iliyoitwa Operesheni Vijana, kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na mafuta ya kujichubua. Na mwezi Novemba 1969, miaka miwili baada ya gazeti lile kuzaliwa, mkuu wa Mkoa wa Pwani alipiga marufuku muziki wa "soul" katika Dar es Salaam. Ilisemwa kwamba muziki huo ni wa kigeni na unaharibu vijana. Watu walibishana sana magazetini, wengine wakiunga mkono, wengine wakiuliza kwa nini "soul" imekatazwa na dansi za Kizungu zimeachwa.

Twaweza kuelewa nia ya viongozi wale. Nchi ilikuwa changa, ikitafuta sura yake yenyewe. Lakini tazama pia lililotokea upande wa pili. Miaka hiyo hiyo vijana wa Tanzania walichukua gitaa, chombo kilichotoka ng'ambo, wakalifundisha Kiswahili. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz alilipiga mpaka likasema habari za nyumba zetu, na hata leo, miaka mingi baada ya kifo chake mwaka 1979, redioni likisikika watu hunyamaza. Gitaa lile lilikuwa la kigeni. Mkono ulikuwa wa kwetu.

Tena tukumbuke sindimba ya Wamakonde. Ni wangapi walioisema vibaya, wakiona viuno tu, wasisikie ngoma? Baada ya Uhuru ngoma hiyo ilichezwa na kundi la taifa mbele ya wageni wa nchi. Mcheza kwao hutunzwa.

NA SISI WAKATOLIKI

Msomaji mwingine atasema, "Hayo ni ya Waanglikana. Sisi je?" Nasi tunao mfano mzuri, wala hauko mbali sana.

Katika Kamina, kusini ya Kongo, alikuwako Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji. Aliwasikiliza watoto wa shule na walimu wao jinsi walivyoimba nyimbo zao wenyewe, asiwazibe midomo. Pamoja nao akaandaa Misa ya Kilatini kwa sauti na ngoma za nchi ile. Ikaitwa Missa Luba. Iliimbwa Kamina mwezi Machi 1958, kisha kwaya ile ikasafiri Ulaya, ikatiwa katika santuri. Mwaka 1968 "Sanctus" ya Misa hiyo ikasikika katika sinema moja ya Kiingereza, na vijana wa Uingereza waliokuwa wakinunua santuri za roki wakainunua na hiyo. Sauti za watoto wa shule ya misheni ya Kongo zikawa katika duka moja na magitaa ya London!

Padre Haazen na Padre Huddleston walifanya jambo moja. Walimsikiliza kijana kwanza, ndipo wakamwongoza.

WEWE UFANYE NINI?

Basi, baba na mama, turudi nyumbani. Leo muziki hauingii kijijini kwa gramafoni wala kwa gazeti la senti 25. Waingia kwa simu ya mkononi, usiku, wewe umelala. Kijana wako wa Chidya au wa Newala asikia bongo fleva, singeli, na nyimbo za Nigeria na Marekani, siku moja na kijana wa Dar es Salaam. Kumzuia asisikie huwezi. Lakini yako mambo manne unayoweza kufanya, na yote tumeyaona katika habari hii.

Kwanza, uliza. Kijana anapoanza ukorofi, au anapotumia saa nyingi akigonga madebe na kuimba peke yake, usianze na fimbo wala matusi. Kaa naye chini ya mkorosho, mwulize anataka kuwa nani. Sikiliza jibu mpaka mwisho, hata kama jibu hilo halikupendezi. Huenda ukagundua kwamba ukorofi wake ni nguvu iliyokosa pa kwenda.

Pili, tafuta chombo na mwalimu pamoja. Chombo bila mwalimu huharibika, na kijana naye huchoka. Wala si lazima kuuza gunia la korosho. Kwaya ya parokia ina kinanda. Mwalimu wa kwaya aweza kumpokea. Mzee wa ngoma wa kijijini aweza kumfundisha mapigo ambayo hayajaandikwa kitabuni popote, nayo yatapotea mzee huyo akifa. Gitaa la kwanza laweza kuchongwa kwa mbao na kufungwa nyaya. Na kijana akionyesha kipaji kweli kweli, ajue kwamba iko Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, ambako muziki husomwa kama kazi nyingine yoyote inavyosomwa.

Tatu, uliza hesabu. Hili ndilo somo la toleo lile la mwaka 1967. Kijana akianza kualikwa harusini na kwenye sherehe, akaahidiwa fedha, mfundishe kuandika: nani amemwita, kwa kiasi gani, amelipwa lini. Akirekodi wimbo, ajue kwamba Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na kwamba iko ofisi ya serikali inayoandikisha kazi za wasanii, COSOTA. Wengi wameimba mpaka sauti ikakauka, wakafa maskini, kwa sababu hapana aliyeuliza fedha ziko wapi. Tena fundisho hili lahusu pande zote mbili. Kwaya ikikusanya fedha za sare au za safari, hesabu isomwe mbele ya wote.

Nne, usimwache njiani. Huddleston alimpa Masekela tarumbeta akiwa na miaka 14, akamtafutia mwalimu, akampatia tarumbeta ya Armstrong, na hata alipokuwa mbali alimsaidia kupata shule London. Hiyo ni kazi ya miaka, haiishi siku moja. Vijana wengi wetu hupewa kitu mara moja, kisha tukawaacha, na wakianguka twasema, "Tulisema sisi." Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi hayaishi siku anapoota ndevu.

MWISHO WA NJIA

Huddleston aliondoka Masasi mwaka 1968 akawa Askofu msaidizi katika London, na tangu mwaka 1981 alikuwa rais wa Chama cha Kupinga Ubaguzi wa Rangi huko Uingereza. Tarehe 11 Juni 1988 lilifanyika tamasha kubwa la muziki katika uwanja wa Wembley, London, kudai Nelson Mandela aachiliwe, maana mwezi uliofuata Mandela angetimiza miaka 70 akiwa kifungoni. Lilionyeshwa kwa televisheni katika nchi nyingi. Magitaa ya roki yalilia mchana kutwa, safari hii kwa ajili ya mfungwa mmoja na taifa lake. Na kati ya waliopiga alikuwamo Hugh Masekela na tarumbeta yake.

Miaka miwili baadaye Mandela alikuwa huru, na Masekela akarudi kwao baada ya miaka 30. Huddleston alifariki tarehe 20 Aprili 1998, na majivu yake yakapelekwa Sophiatown, kwa watu aliowapenda. Masekela alifariki tarehe 23 Januari 2018, akiwa na miaka 78. Jonas Gwangwa, yule wa tromboni, alifuata tarehe ile ile ya Januari, mwaka 2021.

Tarumbeta ya kwanza iligharimu pauni 15. Swali lililoitangulia halikugharimu kitu. Basi, mpenzi msomaji, leo jioni baada ya chakula, kabla taa haijazimwa, mwangalie yule kijana wako ambaye jana ulimwita mkorofi, umwulize: "Mwanangu, wewe wataka kufanya nini hasa?" Kisha unyamaze, umsikilize.